Kiporo, Makombo na Heshima ya Mtu

Swali letu la juma hili laweza kuonekana dogo mno kwa ukurasa huu. Nyanya tatu zilizolegea kikapuni, nusu ya kitunguu kilichosalia jana, karoti iliyojikunja na pilipili hoho iliyosinyaa: je, vitu hivi vyatudai neno lolote? Au, kwa kuwa tumevinunua kwa fedha yetu wenyewe, twaweza kuvitupa jalalani tukanawa mikono na kwenda zetu? Wako watakaocheka. Lakini mambo ya jikoni hutukuta kila siku asubuhi, mchana na jioni, na tabia ya mtu hujengwa na mambo ya namna hiyo zaidi ya yale makubwa yanayomkuta mara moja katika miaka kumi.

Mama mwenye maarifa hahitaji kuulizwa swali hilo. Nyanya zile hamenya, karoti huikwaruza, kitunguu na hoho huvikatakata. Huvitia vyote sufuriani pamoja na pilipili, chumvi na kitunguu saumu, akavichemsha hata maji yakauke, kisha akaviponda na kuvikamulia ndimu au kuvitilia siki kidogo. Hiyo ndiyo chachandu, na jioni ile mihogo ya kukaanga, ambayo pengine watoto wangeikunjia uso, yaliwa yote kwa kuchovya. Wa pwani atasaga nazi kwa pilipili na embe bichi, au ataroweka ukwaju, akapata chatne ya bajia na viazi karai. Bilinganya lililoanza kukunjamana huchomwa juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, likamenywa, likapondwa kwa chumvi na ndimu. Ndugu zetu wa Uarabuni hulichanganya na ufuta uliosagwa na kulila kwa mkate. Hata maharage ya jana, yakipondwa kwa mwiko pamoja na kitunguu saumu na mafuta kidogo, yafaa sana kwa chapati. Majina yenyewe, achari, chatne, kachumbari, yalitujia kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari, na nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Basi bakuli moja dogo la kuchovea limekusanya mabara matatu, na mabaki ya juzi.

Sasa tuingie katika hoja. Wazee wetu walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na kwa maneno hayo waliucheka udhaifu ambao siku hizi umekuwa karibu kama sheria. Mnunuzi wa mjini hutaka nyanya ngumu, nyekundu, isiyo na alama. Ile iliyolainika huikataa, ingawa kulainika kwake mara nyingi ni kuiva tu: ukuta wa tunda umelegea, utamu umeongezeka, na kwa mchuzi au kwa kuponda ni bora kuliko ile ngumu. Karoti iliyojikunja imepoteza maji. Sehemu kubwa ya chakula kilichomo ingalimo. Masokoni Dar es Salaam nyanya za namna hii huitwa masalo, huuzwa kwa mafungu ya bei nafuu, na maelfu ya mama lishe na jamaa maskini huungia mboga kwa hizo. Hapo twaona kwamba kile ambacho mmoja amekihesabu kuwa takataka, mwenzake amekihesabu kuwa chakula cha jioni, wala nyanya yenyewe haikubadilika ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kilichobadilika ni hukumu ya mtu. Na hukumu ya mtu, tofauti na nyanya, yaweza kuulizwa sababu zake.

Iko methali isemayo akiba haiozi. Aliyeitunga bila shaka alikuwa na shilingi mawazoni, au mtama ghalani, maana mboga huoza, tena upesi. Ndiyo maana akiba ya mboga yataka kazi na haraka: kuchemsha, kuanika, kutia siki, kuponda. Asiye tayari kufanya kazi hiyo leo hana akiba yoyote kesho.

Mtu atatujibu: “Nimelipa. Nikila, nikitupa, ni changu.” Jibu hili lina nguvu, nasi hatupendi kulipita kwa miguu. Ni kweli kwamba mali ya mtu ni mali yake, na jirani hana ruhusa ya kuingia jikoni mwa mwenzake kuhesabu vitunguu. Lakini tuangalie ni kitu gani kililipiwa. Nyanya iliyolimwa Ilula, mkoani Iringa, imepandwa kitaluni, ikahamishwa shambani, ikanyweshwa, ikanyunyizwa dawa, ikachumwa kwa mkono, ikapangwa katika tenga, ikasafiri zaidi ya kilomita 400 hata kufika Dar es Salaam. Msimu unapojaa, bei huanguka hata mkulima akaona hasara. Zile shilingi chache tulizolipa sokoni zilitosha kumaliza biashara. Hatuamini kwamba zilitosha kufuta jasho lote lile kana kwamba halikuwapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba ni halali mtu kumiliki vitu kama vyake, ila katika kuvitumia asivihesabu kuwa vyake peke yake, bali awe tepe kuwagawia wenye shida. Kwa fundisho hilo, anayenunua hupewa haki ya kutumia. Haki ya kuharibu ni neno jingine, na hatujaona aliyetuonyesha lilitoka wapi.

Wala jambo hili si la jikoni mmoja. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na mazingira lilitoa taarifa mwaka 2024, likaeleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani zipatazo bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa ikihesabiwa humo, na kwamba sehemu 60 katika kila 100 zilitoka katika nyumba za watu, si madukani wala mahotelini. Kwa wastani ni kilo 79 kwa kila mtu katika mwaka. Tulizoea kudhani kwamba dhambi hii ni ya matajiri wa ng'ambo. Taarifa ile yasema kwamba kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati, hata cha kati cha chini, tofauti ya wastani ni kilo 7 tu kwa mtu. Basi tusimnyoshee kidole mtu wa mbali kabla ya kufunua ndoo yetu wenyewe.

Katika Injili tunasoma kwamba makutano walipokwisha kushiba mikate na samaki, wanafunzi waliagizwa kukusanya vipande vilivyosalia, wakajaza vikapu kumi na viwili. Twaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Aliyetoa agizo lile ndiye aliyekuwa ametoka kulisha maelfu kwa mikate mitano. Kama yuko mtu ambaye hakuwa na haja ya kuweka kiporo, ndiye huyo. Hivyo uangalifu wa mabaki hauwezi kuwa fadhila ya maskini pekee, iliyozaliwa na ukosefu na kufa mshahara unapoongezwa.

Hata hivyo hatutaki kusifu ubahili. Twawajua watu, na wasomaji wetu wanawajua pia, ambao wakisikia makala kama hii watapiga makofi, kisha wataenda nyumbani kufunga kabati la sukari kwa kufuli. Mwangalifu na bahili hufanana wakiwa mbele ya kikapu: wote wawili huokota nyanya iliyolegea. Huachana mbele ya meza. Yule wa kwanza amepata bakuli zaidi la kuwawekea watu. Yule wa pili amepata sababu ya kutonunua kitu kesho. Atakaye kujua yeye ni yupi na aangalie kama wageni wake wameongezeka au wamepungua.

Hapa ndipo tunapofika penye uzito wa neno letu. Kiswahili chetu kina hekima katika jambo hili kuliko lugha nyingi, kwa maana hakikuyatia mabaki yote katika jina moja. Kiporo, au mwiku kama wasemavyo wengine, ni chakula kilichobaki chunguni na kulala, na asubuhi chaliwa na baba pamoja na chai bila haya yoyote. Makombo ni yale yaliyobaki sahanini baada ya mtu kula, yaliyokwisha kuguswa na mkono wake na mdomo wake. Kumpa mtu kiporo ni kumkaribisha katika maisha ya nyumba yako. Kumpa makombo ni kumwambia yeye ni nani machoni pako.

Sasa twende katika nyumba nyingi za mijini, nyingine zikiwa na picha takatifu ukutani. Yumo msichana wa kazi, aliyetoka kwao akiwa bado mdogo. Ndiye aliyepika, ndiye aliyesaga chachandu ile. Familia yala wali mpya mezani. Yeye hupewa ugali wa jana jikoni, na mara nyingine yale yaliyosalia katika sahani za watoto, na mama wa nyumba hujisifu kwamba kwake hakitupwi kitu. Hapo hatuwezi kuita jambo hilo uangalifu. Chakula kimeokolewa, mtu ametupwa. Kipimo chetu ni rahisi: kama kiporo ni kizuri, na kiliwe na wote, baba akiwa wa kwanza kuchovya, kama hakimfai baba, hakimfai msichana wa kazi. Kadhalika kwa maskini abishaye hodi, na kwa nguo na mikate tuipelekayo kwa wahitaji. Sheria ya Musa ilimkataza mkulima kuvuna pembe za shamba na kurudia masuke yaliyoanguka, ili maskini na mgeni wayaokote. Masuke yale yalikuwa ngano ileile iliyokwenda ghalani kwa mwenye shamba.

Wako wanaouliza habari ya mgeni: je, aambiwe kwamba chatne aliyoisifu ilitokana na vipande vya juzi? Twaona si lazima kumhubiria mtu kikapu chetu chote. Akiuliza, na aambiwe kweli. Na mama awe ameipika kwa namna ambayo kuisema kweli hakumwaibishi.

Uko mpaka, nao ni lazima utajwe, maana fadhila isiyo na akili imeua watu. Kulegea si kuoza. Nyanya yenye ukungu hutupwa nzima, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani ya kitu laini kuliko macho yaonavyo. Karoti au kabichi, kwa ugumu wake, yaweza kukatwa sehemu mbaya, kipande kinene, ikabaki salama. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu havina msamaha, maana sumukuvu haiondolewi kwa kupika wala kwa kukaanga. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, wakafa 125, na mwaka 2016 mikoa yetu ya Dodoma na Manyara ilipatwa na msiba wa aina hiyohiyo. Kitunguu saumu kibichi kisihifadhiwe ndani ya mafuta chupani pasipo baridi, kwa kuwa chaweza kuzaa sumu isiyo na harufu. Ndimu, siki na chumvi huchelewesha uharibifu, havifufui kilichokufa. Asiye na jokofu na apike ya siku moja. Na pilipili isitumike kuficha ladha mbaya: muuzaji wa barabarani atiaye pilipili nyingi ili mnunuzi asijue amelishwa nini ni mwongo, hata kama hajafungua kinywa.

Limesalia neno moja, ambalo akina mama wametungoja tulifikie, na wengine huenda wamekata tamaa. Uangalifu huu ni kazi ya nani? Kumenya, kuchemsha, kuponda kwa mchi na kuosha vyombo vyake kwataka saa nzima jioni, baada ya siku nzima ya shamba au ofisi. Ni rahisi mno kwa mwanamume kusifu akiba inayotengenezwa kwa mikono isiyo yake, akakunja gazeti na kuuliza kwa nini chakula kimechelewa. Wapo na wale wasiokubali kuona chungu cha jana mezani, wakitaka kipya kila jioni, kisha mwisho wa mwezi wauliza fedha imekwenda wapi. Kijana wa kiume wa miaka kumi na miwili ana nguvu za kutosha kushika mchi, na kisu cha vitunguu hakijamkataa baba yeyote. Taarifa ya habari yasikika jikoni vilevile kama sebuleni.