Kabla Hujampa Fundi Grainda

Vijana wangu mnaosambaza vifurushi kwa veni za dizeli hapa Uingereza, nawaandikieni kwa sababu kila ukaguzi wa mwaka unapokaribia, huu tunaouita MOT, swali linalonifikia ni lile lile. Mzee, taa ya DPF, kile kichujio cha masizi ya dizeli, imewaka, gari limepoteza nguvu, dukani kichujio kipya kinauzwa zaidi ya pauni elfu. Kuna fundi anasema atakitoa kile cha zamani kwa mia chache tu, na gari litapita. Nimpe? Jibu langu ni usimpe. Ila najua kukataza bila kutoa sababu hakumfai mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kulisha, kwa hiyo nitazieleza sababu zangu.

Kwanza mkijue mnachotaka kukitoa. Ndani ya lile tungi la chuma la ekzosi mna kauri yenye matundu membamba mno, na kila tundu limezibwa upande mmoja ili moshi ulazimike kupenya kwenye kuta zake. Masizi hubaki, hewa hupita. Yakikusanyika, kompyuta ya gari huongeza dizeli ili joto la ekzosi lipande kufikia digrii 600 hivi, masizi yaungue. Hapo gari linataka kuachwa liende, robo saa au zaidi, kwa mwendo wa kutosha. Sasa itazame kazi yenu: mnasimama kila baada ya nyumba mbili tatu, mnazima, mnawasha, mnazima tena. Kujisafisha kunaanza na kukatizwa, kunaanza na kukatizwa. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inazidi kimo na kuwa nyepesi, na tabo inaanza kuumia kabla dereva hajajua lolote.

Fundi wa grainda hashughuliki na hayo. Analipasua tungi, anaing'oa kauri, anachomelea kiraka, kisha anachomeka kompyuta yake na kufuta ile sehemu ya programu inayokitafuta kichujio. Taa inazimika na gari linakwenda vizuri, sikatai. Wanaoisifu kazi hiyo wanasema kweli kuhusu wiki ile ya kwanza. Lakini kichujio hakijajaa kwa sababu kina ubaya. Kimejaa kwa sababu injini inatoa masizi mengi kuliko inavyopaswa, au kwa sababu haipati nafasi ya kuyachoma. Nozeli inavuja. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, imeganda. Themostati imekwama wazi, injini haipati joto lake sawasawa tangu asubuhi hadi jioni. Hita plagi imekufa. Pengine ni kile kimpira cha sensa ya mgandamizo tu, kimepasuka, na kompyuta inasomeshwa uongo. Nimeona kauri nzima ikitupwa kwenye pipa kwa ajili ya mpira ambao bei yake haifiki ya chakula cha mchana, na jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka. Mficha maradhi, kifo humfichua, na nozeli inayovuja ikiachwa siku moja hutoboa pistoni. Pistoni ikitoboka utatafuta injini nzima.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe. Tangu Februari 2014, gari la dizeli lililotoka kiwandani na kichujio hiki halipewi cheti kama mkaguzi ataona hakipo. Mei 2018 masharti yakakazwa. Moshi wowote unaoonekana wakati wa kipimo, uwe mweusi, mweupe au wa buluu, ni kosa kubwa kwa gari lenye DPF. Tungi likionekana limekatwa na kuchomelewa, mwenye gari ndiye atakayethibitisha kwamba lilifunguliwa kwa sababu halali, kwa mfano kusafishwa. Asipokuwa na ushahidi, gari halipiti.

Sitawaficha kwamba kuna yanayopita. Mkaguzi haruhusiwi kuifungua ekzosi ili achungulie ndani, naye akikuta tungi limechomelewa vizuri na kufunikwa na ngao ya joto, hana la kusema. Kile kipimo cha moshi nacho hupima weusi. Injini nzima isiyo na kichujio inaweza kutoa moshi mdogo kwa macho lakini umejaa chembechembe zisizoonekana, na kipimo cha weusi hakizihesabu. Ndiyo maana Ubelgiji ilianza kuzihesabu chembe zenyewe mwaka 2022, Uholanzi na Ujerumani zikafuata mwaka 2023. Ujerumani kikomo ni chembe 250,000 kwa kila sentimita ya ujazo, nayo injini ikipimwa katika silesi tu, bila kukanyagwa mafuta. Tungi tupu halina pa kujificha mbele ya chombo kinachozihesabu.

Basi, hapa Uingereza gari likipita, wewe utakuwa umepata nini? Cheti kinasema kwamba siku ile mkaguzi hakuona kosa katika vitu anavyotakiwa kuvitazama. Hakikuhalalishii kitu. Kanuni za Ujenzi na Matumizi ya Magari za 1986, katika kanuni ya 61A, zinakataza kulitumia barabarani gari lililobadilishwa hata likaacha kutimiza kiwango cha moshi lililojengwa nacho, na katazo hilo liko palepale hata kama una cheti mfukoni. Faini inafika pauni 1,000 kwa gari dogo na 2,500 kwa veni. Veni, wanangu, ndiyo kazi yenu. Ongezea na suala la bima: mabadiliko ambayo hukuyataja yanaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku unayoihitaji.

Wengine hunijibu kwamba makampuni yenyewe yalidanganya, kwa nini sisi ndio tubanwe. Mnaikusudia Volkswagen mwaka 2015, ilipobainika kwamba programu ya magari yake ilitambua gari linapokuwa kwenye kipimo na kuupunguza moshi kwa muda ule tu. Magari kama milioni 11 duniani. Mnachosema kina haki ndani yake, na hasira hiyo ninayo hata mimi. Ila yule aliyevuta moshi wa magari yale hakujali ulitoka kwa tajiri, na atakayevuta wa kwenu hatajali umetoka kwa maskini.

Na wanaovuta wapo, tunawajua kwa majina. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa na miaka 9 alipofariki kwa pumu mwezi Februari 2013. Aliishi Lewisham, kusini mwa London, karibu na barabara ya South Circular inayojaa magari usiku na mchana. Mama yake hakukubali kifo kile kiandikwe pumu na kufungwa. Alihangaika miaka mingi, na Desemba 2020 ofisa wa mahakama anayechunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kumuua mtoto yule, na kwamba sehemu kubwa ya uchafu ule ilitoka kwenye magari. Kabla ya hapo uamuzi wa namna hiyo ulikuwa haujawahi kutolewa nchini humu. Ninapomwona kijana wetu ameegesha nje ya shule huku injini ikinguruma na ekzosi iko tupu, siwezi kumtazama nikanyamaza, kwa sababu mdomo wa bomba la veni uko karibu na kimo cha pua ya mtoto aliyeketi kwenye kigari chake.

Tena anayeanza kuuvuta moshi huo ni fundi na dereva. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu.

Kuna na wale wanaosema, mimi gari hili nitalisafirisha nyumbani, huko halihitaji DPF, mafuta yake machafu. Hayo yalikuwa maneno ya zamani. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni tangu mwaka 2015, na kwa dizeli hiyo kichujio kinaweza kufanya kazi. Mombasa na Dar es Salaam zina watoto wenye pumu kama Lewisham. Foleni za huko ni ndefu kuliko za hapa, na madirisha ya nyumba hayafungwi kama ya hapa. Kumpelekea ndugu yako gari ulilolitoboa, ukamwambia ni zawadi kutoka Ulaya, hilo silikubali.

Mfanye nini basi? Taa ikiwaka, msiiache ikae wiki. Siku hiyo hiyo litoeni gari mpaka barabara kuu, liende dakika ishirini au thelathini bila kusimama. Ikikataa kuzimika, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma mgandamizo kabla na baada ya kichujio, akutafutie chanzo kwanza. Kichujio kinaweza kufunguliwa kikasafishwa kwa mashine kwa bei iliyo chini mno ya kipya. Oili tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, isiyoacha majivu mengi, kwa sababu masizi huungua lakini majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo mpaka kichujio kisafishwe. Weka risiti zote. Na kama kazi yako ni mitaa ya mji tu, ukibadilisha veni, achana na dizeli. Petroli au ya umeme itakupunguzia adha hii yote, maana dizeli ya siku hizi ilitengenezwa kwa safari ndefu.

Wale mlionunua gari likiwa limekwisha kukatwa, bila kujua, sikulaumuni. Angalieni tungi kwa kurunzi, mtafute alama ya kuchomelewa, kisha pitisheni kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba injini ikiwa imepoa. Likiwa na kichujio kizima kitambaa hutoka kisafi au na alama ndogo. Likiwa tupu kinatoka cheusi tititi. Rudisheni kichujio kilichoidhinishwa na programu ya asili, hata kama mtalipa kidogo kidogo, na kabla ya kurudisha msimuuzie mtu mwingine. Asiyejua aanzie wapi aje gereji Jumamosi asubuhi na karatasi zake, tulipandishe gari juu tulitazame pamoja.