Ulizeni Aina ya Namba Mapema

Wanangu mnaosoma hesabu na kompyuta hapa Sydney, nina neno nanyi, na wenzenu walioko Nairobi na Dar es Salaam wafikishieni. Mnaandika funksheni, mnaipitisha kwenye kompaila ili iende mbio, inajibu vizuri kwa namba mlizoijaribia, mnaona mmemaliza. Hamjamaliza. Funksheni haijakamilika mpaka iseme wazi inapokea aina gani ya namba, na itafanyaje ikipewa aina nyingine.

Kompaila hupata kasi kwa kuamua mapema: hii ni namba kamili, itakaa katika biti 64, ile ni ya desimali, itakaa katika biti 64 kwa mpangilio mwingine. Ikishaamua, mashine haiulizi tena. Ukikosea aina, kasi uliyoitafuta itakufikisha upesi kwenye jibu la uongo.

Zidisheni namba zote kuanzia 1 hadi 20. Jibu ni 2,432,902,008,176,640,000, nalo linaenea katika biti 64. Zidisheni na 21 pia, linafurika. Katika lugha ya Julia, prod(1:21) inarudisha −4249290049419214848: namba hasi, iliyotokana na kuzidisha namba chanya tupu, wala hamtapewa onyo. Mkikimbilia desimali, alama ya kutoa itaondoka, lakini kupita 9,007,199,254,740,992 baadhi ya namba kamili huanza kurukwa. Programu ya hesabu ya Mathematica nayo, msipoitajia aina mnapotumia amri yake ya Compile, huchukulia kuwa mnataka namba halisi za kukadiria. Ikipewa kisicholingana hutoa onyo, kisha hurudi kwenye njia ya kawaida isiyopita kwenye kompaila. Jibu mtalipata, kasi mmeikosa. Msilipuuze onyo lile.

Mwalimu mzuri wa jambo hili mnaye hapa hapa mjini. Chuo Kikuu cha Sydney ndiko ilikozaliwa programu ya hesabu iitwayo Magma mwaka 1993, chini ya John Cannon na kundi lake, ikirithi programu yao ya awali iliyoitwa Cayley. Katika Magma kila kitu kina aina yake inayojulikana. Hata 6/2 huonekana kama 3, lakini aina yake ni namba wiani, yaani ya sehemu, si namba kamili. Ukiipeleka kwenye intrinsiki, yaani funksheni ya Magma, uliyoiandikia namba kamili peke yake, Magma inakataa na kukutajia aina ulizoleta. Wengi wenu hukasirika hapo. Msikasirike: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Programu inayosimama imewaokoa. Inayojibu uongo kwa ujasiri ndiyo ya kuogopwa.

Basi shikeni haya. Kwanza, tajeni aina ya kila ingizo pale pale funksheni inapotangazwa. Pili, kama njia ya kukokotoa namba kamili si ile ya namba wiani wala ya matriki, andikeni matoleo tofauti chini ya jina moja, programu ichague kwa kutazama aina. Msirundike vyote katika funksheni moja iliyojaa masharti. Tatu, kugeuza aina kufanyike waziwazi: katika Magma tumieni div mnapotaka namba kamili, au alama ya ! kuhamisha namba kwenda seti mnayoitaka. Nne, jaribuni mipakani: sifuri, namba hasi, orodha tupu, na namba iliyo kubwa kuliko biti 64.

Kesho mtakuwa watafiti, wahandisi na walimu. Watu watajenga juu ya majibu yenu bila kufungua programu kuyakagua, kwa kuwa wanawaamini. Imani hiyo ni deni. Kabla hamjamkabidhi mtu funksheni, ipeni ingizo la aina isiyotarajiwa muone inajibu nini. Na ikijibu bila kulalamika, irudisheni mezani muirekebishe.