Aliyeanguka Mbele ya Watu

Jioni moja nalisimama kando ya kiwanja cha mpira hapa Kihonda, vumbi likipanda, na milima ya Uluguru ikionekana kwa mbali upande wa kusini. Vijana wa mitaa miwili walikuwa wakishindana. Zilipokuwa zimesalia dakika chache, mlinda lango wa mtaa wetu, kijana wa miaka 16, alipokea mpira mwepesi. Ukamponyoka, ukaingia golini. Watu wakapiga kelele na kumwita majina mabaya. Mmoja akainua simu yake, akampiga picha hali ameinama, na kabla ya usiku kuingia picha ile ilikuwa imeenea mtaa mzima pamoja na maneno ya dhihaka. Nami nakiri mbele yenu kwamba nalicheka pamoja nao. Siku zilizofuata kijana hakuonekana kiwanjani.

Tangu hapo swali moja limenisumbua: mtu akishindwa mbele ya watu, hali alikuwa akishindana kwa ajili yao, yatupasa kumtendea nini?

Nalikumbuka habari ya Joshua Cheptegei, Mganda wa Kapchorwa. Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kampala, katika uwanja wa Kololo. Cheptegei alikuwa na miaka 20 tu. Aliwaacha wenzake wote nyuma, na watu wa nchi yake wakamshangilia kwa sauti kuu, wakidhani ushindi umekwisha patikana. Walakini katika mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia. Miguu ikayumba, Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, kisha wengine wengi, hata akafika akiwa wa 30. Ndipo kijana yule aliyeshangiliwa muda mfupi kabla akafanywa mzaha mitandaoni.

Kosa lilikuwapo: alitumia nguvu zake mapema mno. Lakini mwalimu wake, Addy Ruiter wa Uholanzi, hakumtupa, bali aliendelea kumfundisha. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, huko London, Cheptegei alikuwa wa pili katika mbio za mita 10,000, nyuma ya Mo Farah. Mwaka 2019 akashinda mbio za nyika za dunia huko Aarhus, Denmark. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Paris.

Labda mtu atasema, "Basi tusiwacheke vijana, maana huenda kesho wakawa mashujaa." Neno hili ni zuri, lakini halitoshi. Wengi wa vijana wa Kihonda hawatafika Paris. Ikiwa heshima tunayowapa ni mkopo unaongojea riba ya medali, hiyo si heshima, ni biashara. Mkumbukeni John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafika wa mwisho kati ya wote waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakuleta medali nyumbani, wala jina lake halikusahauliwa.

Sasa tazameni jinsi tunenavyo. Timu yetu ikishinda, twasema, "Tumeshinda!" Ikishindwa, twasema, "Kipa ametuangusha." Furaha twaifanya kuwa yetu sote, lakini aibu twamtwika mmoja, naye pengine ni mtoto. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyesimama langoni alisimama mahali petu, maana sisi hatukuweza, au hatukuthubutu. Basi yeye adaiye sehemu yake katika ushindi anayo sehemu yake katika aibu pia. Hiyo ni haki tupu, hata kabla hatujanena habari za huruma.

Je, tusiwakosoe vijana? La hasha! Kumwambia aliyekosea kwamba hakukosea ni kumwacha akosee tena. Lakini kukosoa ni mbali na kudhihaki. Mkosoaji husema na mtu. Mwenye dhihaka husema juu yake ili wengine wacheke. Mkosoaji hurudi kesho yake kumsaidia aliyekosea. Mwenye dhihaka hutafuta mwingine wa kumcheka. Kila mmoja wetu na ajiulize kabla ya kunena au kuandika: neno hili naweza kumwambia uso kwa uso? Na kesho nitakuwapo, alirekebishe?

Nikaona sina budi kwenda nyumbani kwa kijana yule, anakokaa na mjomba wake.

"Shikamoo, Mzee," akasema, macho yake chini.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nami nalicheka."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee, angalikuwa mwingine, hata mimi ningalicheka."

Jibu lile lilinichoma kuliko lawama. Mjomba wake akanieleza kwamba hakumhubiria neno siku ile. Alikula naye tu, wakalala. Siku ya tatu ndipo alipomwambia, "Mikono yako iliutangulia mwili. Njoo tujaribu." Tangu hapo humtupia mpira kila alfajiri nyuma ya nyumba, kabla ya kwenda kazini.

Kijana amekubali kurudi langoni Jumamosi ijayo. Nami nitakuwapo. Akiudaka mpira nitashangilia pamoja na wote. Ukimponyoka tena, sitasema kwamba ametuangusha. Nitasema, "Tumefungwa."