Ukungu Pia Ulikuwa na Kura

Ndege ya vita ikirudi salama, tufurahi? Swali linaonekana la kijinga. Rubani ni mtoto wa mtu, na huko kwao kuna anayemngoja. Lakini limenikwama tangu nianze kusoma kuhusu JPALS, mtambo wa jeshi la wanamaji la Marekani unaotumia setilaiti kuziongoza ndege kutua juu ya manowari.

Hebu kwanza tuone ugumu wenyewe. Manowari ya kubeba ndege ni uwanja unaotembea. Unasonga mbele, unapanda na kushuka na mawimbi, unayumba. Rubani anaujia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, pengine usiku wa giza totoro, na kulabu iliyo chini ya mkia wa ndege lazima inase mojawapo ya kamba za chuma zilizotandazwa kwenye sitaha. Akizikosa, anapaa tena na kuzunguka, mradi mafuta yapo. Wakati wa vita vya Vietnam, madaktari waliwapima marubani hawa mapigo ya moyo. Walikuta mioyo ikidunda kasi zaidi wakati wa kutua melini kuliko wakati wa kudondosha mabomu.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Mtu ana bomu mkononi na moyo wake umetulia. Unaanza kumwenda mbio akitafuta pa kukanyaga.

JPALS imekuja kuituliza hofu hiyo. Meli ina vipokezi vyake vya GPS, ndege ina vyake. Meli inairushia ndege data kwa redio, kwa lugha ya siri ili adui asiivuruge, na kompyuta ya ndege inalinganisha hesabu hizo mbili. Haihitaji sana kujua iko wapi duniani. Inataka kujua iko wapi ukilinganisha na ile sitaha inayocheza. F-35 huanza kuelekezwa ikiwa bado maili 200 za baharini kutoka melini. Raytheon, kampuni iliyoutengeneza, hujivunia kwamba kosa la mahali pa kutua ni la sentimita 20 hivi. Giza, mvua, ukungu, yote si kitu.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu hapa Nairobi, ananiambia angeifanya kazi kama hiyo bila kupepesa jicho. "Wewe nawe! Si ni kutua tu? Nimemuua nani?"

Ana hoja, manake kutua ndiko sehemu ya safari ile isiyomuumiza mtu. Unaweza kulala vizuri ukijua umemrudisha kijana wa watu nyumbani. Lakini kamanda hatumi ndege asizotarajia zirudi. Miaka yote hiyo, bahari iliyochafuka na ukungu mzito vilikuwa na kura katika chumba cha wakubwa, na kura yao ilikuwa moja: leo hapana. Kuna watu wa nchi kavu waliopata usiku mmoja wa kulala kwa sababu hiyo, bila hata kujua kwamba manowari iko karibu. Mtambo umeifuta kura ile, na sijaona iliyowekwa mahali pake.

Sasa, asije mtu akanisikia vibaya. Kumtakia rubani ajali ili vita vipungue ni roho mbaya, tena haisaidii. Rubani aliyechoka, mafuta yanakwisha, kichwani anawaza sitaha inayomngoja, si mtu ninayetaka achague bomu liangukie wapi. Afadhali aliyetulia. Hilo nalikubali kabisa.

Wala siwezi kusema chombo chenyewe ni najisi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, wakafa watu 269. Baada ya msiba ule Rais Reagan aliahidi kwamba GPS, mali ya jeshi, ingefunguliwa kwa ndege za raia pia. Hata hivyo Marekani iliendelea kuipunguzia makali kimakusudi ile ishara ya raia hadi Mei 2000. Leo mtu wa bodaboda anaitumia kutafuta geti la mteja Kasarani. Ni mfumo uleule, na mimi naula kila siku.

Rafiki yangu anapenda kunikumbusha Julai 10, 2013, karibu na pwani ya Virginia. Ndege isiyo na rubani, X-47B, ilitua yenyewe kwenye manowari ya USS George H.W. Bush, ikarudia mara ya pili. Ilipokuja mara ya tatu iligundua kuwa kompyuta yake moja ya uongozaji ina hitilafu. Ikaacha kutua, ikaenda zake nchi kavu, Wallops Island. "Unaona?" huwa ananiambia. "Mashine ilijua kusema hapana."

Nikamuuliza kama kuna mahali kwenye programu ile inapoweza kusema hapana wakati wa kuondoka.

Akacheka kidogo. Akasema hiyo ni idara nyingine.