Chati ya Jokofu

Kisa hiki nimekitunga kwa kufunzia, na zahanati yake haina jina. Iko upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Kitangari.

Mlangoni mwa jokofu lao hubandikwa chati ya joto. Asubuhi na jioni muuguzi husoma kipimajoto, huandika namba, hutia saini. Humo huwekwa chanjo na oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu akishajifungua. Hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8. Ikipigwa na joto hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Kichupa ni kilekile.

Novemba mtungi wa gesi inayoendesha jokofu hilo uliisha. Sanduku la barafu lilikuwa dogo, kwa hiyo zilipelekwa chanjo tu kituo jirani. Muuguzi akaandika 19. Jioni, 22. Siku ya tatu mkuu wa kituo akamwita pembeni.

"Dada, wakaguzi wanakuja Alhamisi. Namba hizo zitatuaibisha. Weka 4 tu, mtungi nimeshauagiza."

"Lakini kaka, dawa imeshapata joto."

"Andika tu, mdogo wangu. Gesi ikija tutaitupa."

Mkuu huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameandika barua mbili halmashauri bila kujibiwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Muuguzi akachukua karatasi mpya, akajaza siku zote kwa kalamu moja: 4, 4, 4, 4. Wakaguzi waliisoma chati, wakasifu mwandiko. Mlango wa jokofu hawakuufungua.

Ijumaa usiku akaja binti wa miaka 19, uzazi wa kwanza, amesindikizwa na bibi yake. Mtoto akazaliwa salama. Kabla dakika 1 haijaisha muuguzi akachoma yuniti 10 pajani, kama alivyofundishwa chuoni. Damu haikukata. Akasugua tumbo, akachoma nyingine. Khanga ya pili ikaloa, bibi akaleta ya tatu.

"Sista, dawa hii inafanya kazi kweli?"

"Inafanya, bibi."

Gari la wagonjwa lilifika alfajiri, wakateremka nalo hadi Masasi. Binti alipona. Kizazi kiliondolewa.

Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton aliandika juu ya uchungu wa muuguzi anayejua lililo sawa huku taasisi ikimfunga mikono. Siku hizi uchungu huo hutibiwa kwa semina na maneno ya pole. Sikubaliani na tiba hiyo. Uhaba si mgeni Masasi: Daktari Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifika huko mwaka 1935 akapasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi. Muuguzi wetu angeuvumilia uhaba, maana ameuzoea. Anachoshindwa kukivumilia ni saini yake chini ya zile 4, na lile jibu alilompa bibi. Ameomba kuhamishiwa mapokezi. Chumba cha uzazi hakiingii tena.

Waganga wakuu wa wilaya, mkikuta chati imeandikwa 22, msianze kwa kuuliza nani kazembea. Ulizeni mtungi wa gesi uko wapi, kisha mshukuruni aliyeiandika, mbele ya wenzake.