Mchezaji Akitaka Kuwa Joka

Mchezaji anayeomba kuwa joka hajaja kukuharibia mchezo. Amekuletea kisa, ila bado ni kibichi. Kitabu cha awali cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 1974, kiliruhusu mhusika wa aina karibu yoyote, hata joka, mradi aanze akiwa dhaifu na kupanda ngazi kama wenzake. Kwa hiyo wewe kiongozi wa mchezo usikimbilie kukataa: muulize kwanza mwombaji anachotamani hasa ni kipi, kuruka, kutisha watu, au kuwa wa pekee pale mezani? Mara nyingi ni hicho cha mwisho, nacho hakihitaji mabawa. Aking'ang'ania kuruka, mpe kinda la joka: mabawa yalifikishe juu ya paa tu, moto wake utoshe kuwasha mshumaa, na walinzi wa lango la mji walipekue kila lipitapo.

Ninayemkatalia mimi ni yule anayewaibia wenzake kisha akajitetea kwamba ndivyo mhusika wake alivyo, maana tabia hiyo ni ya mchezaji mwenyewe. Na kabla dadu hazijarushwa, wachezaji wengine nao waulizwe kama wako tayari kusafiri na mhusika aliye joka, kwa sababu wao ndio watakaomfichia mkia wake kila wakiingia sokoni.