Mwaga Kibubu Mezani

Leo usiku, kabla hujalala, mwaga kibubu chako mezani. Konda, mwaga mfuko wa chenji. Dada unayeuza zabibu sokoni Majengo, Dodoma, mwaga kopo lako. Washa taa kali. Mnatumiana picha za sarafu zenye kasoro za kiwandani zinazosemekana kuuzwa mamilioni, lakini jero, shilingi mia tano mnayoishika kila siku, hamjawahi kuitazama!

Bei iache kwanza, fundisha jicho. Tenga jero za nyati, mia mbili za simba, mia za swala, hamsini za faru. Kila fungu lipange, ulinganishe moja kwa moja. Itakayotofautiana na wenzake ihoji kwa ukali, maana nyingi ni majeruhi tu: zimegongwa nyundo, zimepita motoni, au watoto watundu wamezilaza relini.

Tumia ukucha. Mkwaruzo umezama, ukucha utakwama humo. Lakini muhuri wa kiwandani ukipasuka, madini huingia kwenye ufa ule wakati wa kupiga chapa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Huo ndio wa kuutafuta. Kisha ishike jero juu na chini kwa vidole viwili, picha ya Karume ikiwa wima, uizungushe kama mlango. Nyati wa jero zako nyingine anasimama, huyu ameinama? Iweke kando.

Na usiniambie mambo haya ni ya Wazungu wa mbali. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto na meli za Waingereza zimeziba pwani, Wajerumani walipiga fedha zao Tabora, kwenye karakana ya reli, reli hiihii inayopita Dodoma. Dhahabu ya Sekenke, kule Singida, ilitoa rupia 15 zenye picha ya tembo, vipande 16,198 tu. Sarafu ndogo za heller 20 zilipigwa kwa shaba, yakiwemo maganda ya risasi, na chini zikawekwa herufi T. Mihuri haikufanana. Ndiyo maana wakusanyaji hadi leo wanazigawa kwa taji kubwa na taji dogo, na kwa ncha za herufi L: hizi kali, zile zimejikunja. Ncha ya herufi, jamani! Asiyejizoeza anaipita bila habari, na aliyejizoeza anaiona palepale. Macho hayo hayauzwi dukani, na wewe unaweza kuanza kuyapata leo kwa sarafu ya shilingi hamsini.

Ukipata ya kutilia shaka, usiisugue kwa majivu wala limau, ukiing'arisha umeiharibu. Ipime kwa sonara pamoja na mwenzake mzima, piga picha pande zote mbili, andika mwaka wake kwenye daftari. Kesho endelea na chenji nyingine. Na akitokea mtu anayetaka umtumie "ada ya usajili" kabla hajaiona sarafu yenyewe, mkatie simu.